Namna Nilivyoandaa na Kueleza Bango Langu Siku ya Utafiti, Tunguu

Ikisiri yangu ilipokubaliwa kwa ajili ya siku ya utafiti chuoni kwetu Tunguu, Unguja, msimamizi wangu alinipa sharti moja: mtu anayepita mbele ya bango aelewe nilichokigundua hata kabla hajaamua kusimama. Sharti hilo lilikuwa zito, kwa kuwa utafiti wangu ulihusu joto la maji katika mashamba ya mwani ya kaskazini mwa Pemba, na jambo hilo limefungamana na mengine mengi: aina ya mwani, kina cha maji, mwezi, upepo na maradhi.

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza hapa Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kikaenea hadi Pemba, ambako ndiko mwani mwingi zaidi unakotoka hivi sasa. Wakulima walio wengi ni wanawake. Mwani mnene, ambao wanasayansi huuita Kappaphycus alvarezii, hununuliwa kwa bei kubwa kuliko mwani mwembamba, Eucheuma denticulatum, lakini ndio usiostahimili maji ya moto. Matawi yake hugeuka meupe, hulainika na kukatika, na mkulima aliyesubiri wiki 6 za kukua hukuta kamba tupu. Nilichotaka kukijua ni wakati gani hasa joto hupanda katika mashamba ya kina kifupi, na kwa ajili hiyo nilipima maji kila yalipokupwa mchana, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana wakati wa mwezi mpya na mwezi mpevu, na siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, huku nikipima uzito wa mwani uliofungwa kwenye kamba za majaribio.

Bango la A0 lina sentimita 84.1 kwa 118.9. Ukiliona limekunjuliwa sakafuni utadhani litameza tasnifu nzima, na hapo ndipo wengi wanapolijaza maandishi hadi msomaji akachoka kabla ya kuanza. Niliamua kwamba katikati pakae grafu moja tu ya joto, kubwa, na kando yake picha mbili za mwani, mmoja mzima na mwengine uliokwisha kuwa mweupe. Maandishi ya kawaida hayakushuka chini ya pointi 24. Kanuni ya kasi ya ukuaji, yaani tofauti ya logi asilia za uzito wa mwisho na wa mwanzo ikigawanywa kwa idadi ya siku, niliiweka pembeni kwa ufupi, kwa sababu anayeihitaji anajua pa kuitafuta. Majedwali yote niliyahamishia kwenye karatasi za mkononi. Naamini kabisa kwamba kazi ya bango ni kuanzisha mazungumzo, na mazungumzo hayaanzi kwa jedwali.

Hatua iliyonifaa kuliko zote ni ile ambayo hakuna aliyeniagiza. Kabla ya kuchapisha, nilivuka kwenda Pemba na rasimu niliyoitoa kwenye karatasi ndogo zilizounganishwa kwa gundi, nikapita kwa sheha kumweleza nilichokijia, kisha nikaenda kwa wakulima walioniruhusu kupima katika mashamba yao. Niliwakuta wameketi chini ya mkungu wakifunga mbegu, yaani vipande vya mwani wa kupanda, kwenye kamba. Niliwaamkia, nikaitandaza rasimu juu ya jamvi, na nikajizuia kusema lolote. Bi mkubwa mmoja aliifuata mistari ya grafu kwa kidole, akafika kwenye kilele cha kwanza, akateremka, akapanda kilele cha pili, kisha akaniuliza, “Mwanangu, vilima hivi si bamvua?” Nikamjibu kuwa ndivyo. “Basi mbona hukuandika? Hizi tarehe zako mimi zanambia nini?”

Nilikuwa nimepanga mstari wa chini kwa tarehe za kalenda, kama grafu nyingi za vitabuni zilivyo. Wao hupanga kazi kwa mwezi mwandamo: bamvua ndiyo siku za kushuka pwani, maji mafu ndiyo siku za kuanika na kutengeneza kamba. Mwengine aliongeza kwamba bamvua kwetu maji hukupwa saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa limeshapanda, na mwani hubaki kwenye maji ya kiwiko wakati wa jua kali, ilhali siku za maji mafu kupwa huangukia jioni na maji hayatoki sana. Tofauti ya kujaa na kupwa katika bahari yetu hukaribia mita 4 siku za bamvua kubwa, kwa hiyo maelezo yake yalikuwa ni fizikia iliyo sahihi. Usiku ule ule niliichora grafu upya. Niliziacha tarehe kwa herufi ndogo, nikapaka rangi hafifu siku zote za bamvua, na juu ya kila kilele nikaandika saa ya kupwa. Katika shukrani niliandika kwamba mpangilio wa grafu umetokana na wakulima wenyewe, nao waliridhia.

Uchapishaji niliufanya mjini. Nilichagua karatasi isiyong'aa, kwa kuwa ile inayong'aa hurudisha mwanga wa taa na msomaji hulazimika kuinamisha kichwa, na nililisafirisha bango ndani ya bomba la plastiki lililozibwa pande zote mbili. Anayepanda daladala hadi Tunguu wakati wa mvua atajua kwa nini.

Siku yenyewe nilisimama ubavuni mwa bango, kwa sababu anayesimama mbele yake huliziba. Nilikuwa nimejiandalia maelezo ya namna mbili: ya sentensi chache kwa mpita njia, na ya dakika mbili kwa aliyeonyesha nia ya kukaa. Wanafunzi wa skuli za sekondari ndio waliofika mwanzo, wakauliza kuhusu picha. Jaji wa kwanza hakuuliza chochote kuhusu kanuni. Aliiangalia grafu kwa kitambo, akasema, “Jua linawaka kila siku. Kwa nini joto lipande bamvua tu?” Nilimwonyesha saa za kupwa zilizoandikwa juu ya vilele na kumweleza kama nilivyoelezwa chini ya mkungu, pamoja na kumwambia maelezo hayo yametoka kwa nani. Baada ya hapo tulizungumza kwa muda mrefu, na wengine wakakusanyika kusikiliza.

Swali lililohitaji uangalifu zaidi liliulizwa na mgeni aliyetaka kujua iwapo wakulima waambiwe wahamishie mashamba yao kwenye maji ya kina kirefu. Nilimjibu kwamba vipimo vyangu vinaonyesha wakati joto linapopanda katika maji mafupi, wala havitoshi kuamua mkulima ahamie wapi. Kulima kwenye kina kirefu kunahitaji chombo na kunahitaji kujua kuogelea, na wanawake wengi niliofanya nao kazi hawana vyote viwili. Mtafiti akilitoa pendekezo la namna hiyo kwa wepesi, gharama hailipi yeye. Mgeni aliyaandika maneno hayo kwenye daftari lake, nami nilifurahi kwamba nilikwisha kuyafikiria kabla ya kuulizwa.

Mhadhiri mmoja wa masuala ya bahari alirudi baadaye, watu walipopungua. Aliniambia kwamba vipimo vya saa za kupwa mchana vinaeleza nusu ya habari, kwani bado hatuoni maji yanapoa kwa kasi gani yanapojaa, wala usiku wa bamvua hali huwaje. Alinieleza kuhusu kifaa kidogo kinachofungwa kwenye kigingi na kurekodi joto mfululizo, usiku na mchana, akakubali kuniazima. Nimeshamuarifu sheha, na wakulima wamekwisha kuchagua kigingi kitakachotumika: kiko upande wa ndani wa shamba, pale ambapo, kwa maneno yao, mwani mnene hufa mwanzo. Tutakifunga bamvua ijayo.