Chunya imeamka, ila hii zebaki

Ndugu zangu mlio nje, mkirudi Chunya msitegemee kuukuta ule mji wa tumbaku uliokuwa unalala mapema. Lami kutoka Mbeya imepita hadi Makongolosi, na makarasha yanasaga mawe ya dhahabu usiku kucha. Yale marudio, mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa, tuliyokuwa tunayachezea utotoni leo yanauzwa kwa lori, yanaenda kuchenjuliwa kwa sayanaidi, kemikali inayotoa dhahabu iliyobakia. Hapo nawapongeza vijana. Dhahabu ya hapa kwetu, eneo la Lupa, ilianza kuvuta watu miaka ya 1920, ndiyo iliyoukuza mji wa Mbeya, lakini hadi mgodi wa Saza unafungwa mwaka 1956 wazee wetu walikuwa vibarua tu. Sasa leseni ndogo ni za Watanzania, na soko la madini lipo tangu 2019.

Ila zebaki, jamani!

Nimemkuta shangazi yangu uani anakamatisha dhahabu, yaani anachanganya zebaki na mchanga ili ishikane na dhahabu, kwa mikono mitupu. Alikamulia kwenye kitambaa, kikabaki kidonge cheupe mfano wa njugu, akakiweka kwenye kijiko, ili zebaki itoke kwa mvuke ibaki dhahabu, juu ya jiko la mkaa, lile lile la kupikia ugali. Mjukuu yuko mgongoni. Nikamsihi amtoe mtoto pale. "Mwanangu, mbona sisi hatujafa?" akanijibu, akaendelea kupepea moto.

Imeniuma sana. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Ukiuvuta unapita mapafuni, unaingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo: mikono inatetemeka, kumbukumbu inapotea. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Ile inayomwagika inaoshwa na mvua hadi Mto Lupa, na Lupa unaingia Ziwa Rukwa. Ikifika kwenye tope inageuka sumu kali zaidi, inapanda kwa samaki, nasi samaki wa Rukwa ndio kitoweo chetu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini pale uani hakuna aliyewahi kuusikia.

Dawa yenyewe haihitaji mzungu. Ni kikopo cha chuma cha kuchomea kile kidonge, chenye kifuniko kinachobana na bomba linalopozwa kwa maji. Mvuke unarudi kuwa zebaki, unaitumia tena. Fundi mzuri wa kuchomelea anakitengeneza. Kwa hiyo, kabla hujatuma hela ya kununua hisa kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, la mtu (na leseni yake uione kwanza kwa macho yako), mchangie shangazi yako kikopo hicho. Wangu nimeshamwagizia, na jiko la kuchomea nimelihamishia nyuma ya zizi.