Kufundisha yoga Nsambya, kazi ya macho

Dada aliyenifunza ualimu wa yoga hapa Kampala alinipa sharti moja kubwa: nisifanye mazoezi pamoja na darasa. Nionyeshe mara moja, kisha nisimame, nizunguke, nitazame watu. Nilidhani ni sharti la wanagenzi tu. Sasa naona ndiyo kazi yenyewe.

Darasa langu ni la kina mama wa Nsambya. Wengi tumetoka Kivu, na tunakutana Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa kuazima, juu ya mikeka ya plastiki. Karibu wote ni mafundi cherehani. Mtu anayeinamia cherehani kutwa unamjua hata akisimama: mabega yamekuja mbele, shingo imetangulia. Ukimwambia ainue kifua, anabinua kiuno, na jioni mgongo unamuuma. Kwa hiyo naanzia chini. Akanyage kwa visigino, avute pumzi kwa pua, ndipo arudishe mabega. Kifua kinafunguka chenyewe.

Lakini mama hao hao, waambie waketi wanyooshe miguu na kuinama mbele! Wengi wanainama kwa urahisi ambao vijana wa ofisini hawana. Ndivyo walivyokaa maisha yao yote wakimenya mihogo na kuchambua maharage.

Hapo ndipo ninapompendea B.K.S. Iyengar, mwalimu mashuhuri wa yoga wa India. Utotoni aliandamwa na malaria, taifodi na kifua kikuu, na mwaka 1937, akiwa na miaka 18 tu, mwalimu wake alimtuma mji wa Pune, huko huko India, akafundishe. Yeye ndiye aliyeeneza matumizi ya blanketi, mikanda na vipande vya mbao, ili zoezi limfuate mtu alivyo. Sisi tuna vitenge. Juzi mama mmoja alikuwa akichuchumaa visigino vikining'inia. Nilikunja kitenge mara nne nikakisukuma chini ya visigino. Vidole vya miguu vilivyokuwa vimeng'ang'ania mkeka vikalegea, halafu taya, halafu akashusha pumzi ndefu mpaka jirani yake akageuka.

Wenye presha siwainamishi kichwa kikawa chini ya moyo. Mjamzito ambaye mimba imeshakua halali chali, analala ubavu wa kushoto. Hayo nayauliza mlangoni, kabla mtu hajavua viatu.

Ninaloshikilia kuliko yote ni la kugusa. Kati yetu wapo waliopita vitani. Simgusi mtu bila kumuuliza, wala simjii kwa nyuma. Tunapolala kupumzika mwishoni, mlango unabaki wazi, na asiyetaka kufumba macho hafumbi. Wapo walimu wanaosema bila kufumba macho mapumziko hayajatimia. Sikubaliani nao hata kidogo. Mama aliyeegemea ukuta, anaangalia mlango na kupumua taratibu, amefanya yoga kamili.

Jumamosi ijayo nataka kuanza na viti. Wapo bibi zetu wanaotamani kuja, ila magoti hayakubali kushuka sakafuni, na kuzungusha mabega, kugeuza mgongo, kupumua, vyote hufanyika mtu akiwa ameketi. Kama uko karibu na Nsambya na una viti vya plastiki visivyo na mikono, tafadhali tuazime.