Nilivyoifanya qanuni kuwa kazi yangu

Watu wakisikia kwamba napiga qanuni na ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba, huniuliza mambo mawili: ni ala gani hiyo, na je, inalipa? La kwanza ni jepesi. Ni lile sanduku bapa la mbao, upana upande mmoja na ncha upande mwingine, linalopakatwa au kuwekwa mezani, nyuzi zake zikadonolewa kwa risha mbili zilizobanwa na pete kwenye vidole vya shahada. Yangu ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti. Asiyeijua kwa jina ameshaisikia kwenye taarab ya Unguja, ikimwagika nyuma ya fidla. La pili ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu wasichana wanaoniuliza wanataka jibu la kweli, na mimi nilipokuwa na umri wao sikuwa na wa kunipa.

Nimekulia Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe hapa Unguja, kwenye nyumba ambayo redio haikuzimwa. Bibi yangu alikuwa akisikia bashraf, kile kipande cha ala tupu bila kuimba, inaanza tu, anaacha kuchambua mchele mpaka iishe. Taarab kwetu ilikuwa jambo la heshima, lakini ya kusikiliza. Mtoto wa kike kwenda kukaa jukwaani katikati ya wanaume na kurudi usiku wa manane lilikuwa jambo jingine kabisa. Nilipomaliza skuli na kusema nataka kwenda DCMA, chuo cha muziki kilichofunguliwa mwaka 2002 kwenye jumba la Forodha ya zamani pale Mizingani, baba hakunigombeza. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko maneno.

Kilichomlainisha ni historia. Baba anapenda sana habari za zamani, basi nikamkumbusha lile linalosimuliwa na wazee wote wa taarab: kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohammed bin Ibrahim Misri akajifunze muziki, na ala aliyorudi nayo ni hii hii qanuni. Nikamkumbusha pia Siti binti Saad, aliyevuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, wakati ambao hata wanaume wa hapa hawajawahi. Baba akasikiliza, akauliza maswali mawili matatu ya tarehe, kisha akasema, "Basi nenda, mwanangu. Lakini usiku kaka yako akufuate." Kaka yangu alinifuata kwa miaka, akinisubiri nje ya kumbi hadi nyuzi za mwisho zinyamaze. Sijui kama nimewahi kumshukuru ipasavyo.

Chuoni wenzangu wengi walikimbilia udi na fidla. Qanuni iliogopwa kwa sababu moja: kuitia sauti, yaani kukaza na kulegeza nyuzi mpaka zilingane. Udi mtu anauweka sawa kwa dakika chache. Qanuni inakula saa nzima, na kwa hali ya hewa yetu, ukimaliza upande wa juu, wa chini umeshaanza kulegea. Daraja la nyuzi limekalia ngozi, na ngozi hunywa unyevu. Wakati wa masika sauti hushuka huku unaisikia. Mimi nilikaa nayo kwa sababu darasa lilikuwa na nafasi, na baada ya wiki chache sikutaka tena nyingine.

Tabu ya kwanza ya kweli ilikuja nilipomaliza masomo. Ala ya chuo inabaki chuoni, na qanuni haiuzwi sokoni Darajani. Zinatoka Misri na Uturuki, bei yake ni ya kutisha, na usafiri juu yake. Niliingia upatu na akina mama wa mtaani, nikawa nauza bajia asubuhi ili nisikose zamu ya kutoa. Nilipopokea, binamu ya mama anayeishi Maskati akanitafutia iliyotumika. Ilifika na mtu aliyekuwa akirudi likizo, imefungwa ndani ya blanketi, ngozi yake imepasuka na nyuzi kadhaa hazipo. Fundi mmoja wa Mji Mkongwe anayetengeneza udi aliibadilisha ngozi huku nimemkalia pembeni nikitazama kila anachofanya, na hiyo ndiyo sababu leo naweza kuitengeneza mwenyewe.

Nikadhani sasa nimefika. Nikaenda kwenye kikundi kimoja kinachopiga harusi nyingi. Wakanisikiliza kwa adabu, wakasifu, kisha kiongozi akaniambia, "Dada, tunaye mpiga kinanda, na kinanda kina sauti ya qanuni ndani yake. Mtu mmoja, mshahara mmoja." Nikajaribu kwingine, jibu lilikuwa hilo hilo kwa maneno tofauti. Nawaelewa. Pesa ya harusi hugawanywa kwa watu wengi, na gari la vyombo nalo lazima lilipwe. Lakini niliumia sana, maana nilikuwa nimeshindwa na kitufe.

Nilikaa nyumbani nikasikiliza. Nilisikiliza rekodi za zamani, nikasikiliza upigaji wa Rajab Suleiman, mpiga qanuni wa hapa Zanzibar, nikasikiliza na video za harusi zenye kinanda, mpaka nikajua tofauti iko wapi. Makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ya bayati na ya sika zina sauti inayokaa katikati ya mbili, robo juu au robo chini. Qanuni ina vijiti vidogo vya chuma chini ya nyuzi kwa kazi hiyo hasa. Unavipandisha na kuvishusha kwa kidole cha mkono wa kushoto wimbo ukiendelea. Kinanda cha kawaida hakina sauti hiyo, na hata vile vinavyoweza kushusha robo vinataka mpigaji anayejua aishushe wapi. Muimbaji mzuri akiimba bayati juu ya kinanda kisichokuwa na robo, husikika kama amekosea yeye. Hapo nikajua nina kitu cha kuuza, ila sikuwa na pa kukiuzia.

Mlango niliouona ulikuwa wa nyuma. Kikundi kimoja cha taarab asilia kilikuwa na mzee wa qanuni ambaye vidole vilikuwa vizima lakini kifundo cha mkono kilishachoka kuzungusha ufunguo wa nyuzi. Nikamuomba nije kabla ya mazoezi nimtilie sauti. "Bure?" akaniuliza. Nikamwambia, "Bure, maalim, ila nikae karibu yako ukipiga." Akakubali. Nikawa natangulia, nazungusha ufunguo, naye amefumba macho: "Hiyo ya kati imepanda. Rudisha. Sasa acha." Sijapata skuli kubwa kuliko ile. Masikio yangu yalinolewa pale, kwa kusikiliza nyuzi tatu mpaka ziseme neno moja. Alinifundisha bashraf ambazo hazijaandikwa popote, kipande kwa kipande, na hakunipa cha pili mpaka cha kwanza kimekaa.

Muda ukapita, akaanza kuniachia beti. Halafu nyimbo. Halafu akamwambia kiongozi wa kikundi kwamba mwaliko usipokuwa wa jukwaa kubwa, apeleke jina langu. Hakuna usiku mmoja niliogeuka kuwa mpigaji. Ilikuwa ni kusogezwa kiti taratibu. Wakati huo huo vikundi vingine vikanijua kwa kutia sauti. Ala zilizokuwa zimeachwa makabatini kwa kukosa wa kuzihudumia zilinipa kazi yangu ya kwanza yenye malipo: kubadilisha nyuzi, kukaza ngozi, kuziandaa kwa tamasha. Watu wakiniita kwa ufunguo, wananikuta na risha.

Kwenye malipo nilijifunza kwa uchungu. Muandaaji mmoja alituita kwa shughuli kubwa, tukapiga hadi saa nane usiku, pesa hatukuiona mpaka leo. Tangu hapo siendi bila arbuni ya nusu na karatasi iliyoandikwa saa ya kuanza, saa ya kumaliza na nani analipia usafiri. Wengine walininuna, wakasema nimekuwa mzungu. Sijali. Mwanamke anayerudi usiku lazima ajue anarudi na gari gani. Tungo zangu nazo nimezisajili COSOZA, jumuiya ya hakimiliki iliyotokana na sheria yetu ya 2003, kwa sababu nimewaona wazee waliotunga nyimbo zinazopigwa kila harusi na hawana hata barua ya kuthibitisha kuwa ni zao.

Mwaka 2020 korona ilipokuja, hoteli zilifungwa, ndege zikasimama, na nusu ya kipato changu ikakatika ndani ya mwezi mmoja. Mzee wangu wa qanuni alikuwa akikaa ndani kwa kuogopa maradhi. Nikawa nampigia simu alasiri, ananiimbia bashraf kwa mdomo, mimi naandika nota. Tuliandika nyingi. Hazikuniletea shilingi hata moja wakati ule na nilirudi kuuza bajia, lakini wageni waliporudi na watu wakaanza tena kutafuta wapigaji, nilikuwa na daftari ambalo hakuna mwingine aliyekuwa nalo, na ndilo linaloniitia wanafunzi.

Sasa jibu la "inalipa?" Inalipa, kwa vipande. Hoteli usiku mbili tatu za wiki wakati wa msimu wa wageni, harusi baada ya mfungo na kabla yake, wanafunzi, matengenezo ya ala, na mwaliko wa tamasha mara moja moja. Sauti za Busara, ambayo imekuwa ikifanyika tangu 2004, kila Februari huleta kazi nyingi za pembeni kwa sisi wapigaji hata tusipopanda jukwaa lake. Mwezi wa Ramadhani hakuna kitu, kwa hiyo pesa ya Ramadhani naiweka tangu Agosti. Anayetaka kuingia apange hesabu hiyo kabla ya kununua risha.

Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa Bububu, ameanza kupiga bayati vizuri. Hana ala, na kwa sasa anakuja kwangu kila jioni baada ya kazi. Nimemuingiza kwenye upatu wetu. Zamu yake ni ya nne, na binamu wa Maskati ameshaanza kuulizia.