Penseli nyekundu ya dada

Mwaka wangu wa kwanza kazini, mkandarasi aliniuliza kikaoni msanifu majengo atafika saa ngapi. Ramani zilizotandazwa mezani nilizichora mimi. Nilinyamaza.

Jioni nikampigia dada mmoja Mweusi mwenye leseni ya usanifu majengo, tuliyefahamiana mkutanoni. Pole ilikuwa moja tu. "Mdogo wangu, lete hizo ramani tuzipitie." Tulikaa saa tatu nzima. Kwenye ngazi alizungusha duara jekundu: chini ya boriti, mtu mrefu angegonga kichwa. "Kikao kijacho zungumza wewe kwanza, na uanzie hapa." Nilianzia hapo.

Norma Merrick Sklarek, msanifu majengo Mweusi wa Marekani, alipohitimu mwaka 1950 alikataliwa na ofisi 19. Mwaka 1954 akapata leseni New York, na baadaye akawa anawaandaa vijana kwa mtihani wa leseni hiyohiyo. Hilo la pili ndilo linalonigusa zaidi.

Jumamosi hii nami nakaa na binti anayejiandaa na mtihani wa leseni. Ameshaniuliza, kwa aibu, adai mshahara gani. Nitamtajia wangu, tarakimu kwa tarakimu.