Halinywi Mafuta

Jumapili, baada ya isha. Umeme umekatika tangu magharibi, kwa hiyo naandika kwenye simu na chaji ndiyo hiyo, asilimia thelathini na kitu.

Asubuhi nilikuwa naosha gari langu, Toyota Vitz, mlangoni, mwenyewe, kwa ndoo na tambara. Nilipopitisha tambara chini ya mlango wa nyuma, upande wa dereva, rangi ikatoka na tambara. Kipande kama ukucha wa kidole gumba, na chini yake kutu, nyekundu, mbichi. Nikachuchumaa pale nikakitazama mpaka mama akauliza kama nimeangusha kitu. Mwaka mmoja na miezi minne tu tangu nilinunue.

Kabla ya kununua niliuliza watu. Wallahi niliuliza. Ilikuwa mwisho wa 2023, nimechoka na matatu ya alfajiri ya kwenda shuleni ng'ambo ya Sabaki, nimechoka kushuka na chaki zimelowa kila masika. Sako, chama chetu cha akiba na mikopo, ilikuwa imenikubalia mkopo, si mkubwa. Nilichotaka ni kigari kidogo cha kunivusha daraja, kunifikisha Gongoni na kunirudisha Malindi jioni, na siku za wikendi kimpeleke mama kliniki bila kubembeleza tuktuk. Kwa hiyo kila niliyemwona na gari dogo nilimsimamisha.

Mwalimu mwenzangu mwenye Passo: "Halinywi mafuta." Jirani muuza samaki, mwenye Demio: "Halinywi mafuta, na likitoka linatoka!" Ami yangu, ambaye Nissan March yake ina umri wa mwanafunzi wa kidato cha nne: "Mwanangu, halinywi mafuta. Mengine usiniulize." Nikacheka, sikuyauliza hayo mengine. Dada mmoja nesi, mwenye Honda Fit, peke yake ndiye aliyenipa kitu cha kushika. Alinifungulia mlango wa nyuma akainua makalio ya kiti yakasimama wima kama viti vya sinema, akaniambia tangi la mafuta lipo chini ya viti vya mbele, ndiyo maana nyuma kumebaki shimo la kuingiza hata mtungi wa maua uliosimama. Yeye alishabeba friji humo baada ya kuvilaza viti. Halafu na yeye akamalizia: halinywi mafuta.

Siwalaumu. Miezi ile petroli ilikuwa imevuka shilingi 200 kwa lita, na kila tarehe 14 watu walikuwa wanasubiri tangazo la bei la EPRA, mamlaka ya kawi, kama wanaosubiri mwezi uandame. Mtu aliyenunua gari la injini ya lita moja alikuwa anajiona amekwepa risasi. Lakini nilianza kugundua kuwa mtu aliyetoa laki sita zake hakuhadithii gari. Anakuhadithia akili yake ya kulinunua, na ukimtia shaka kidogo utaona mdomo unavyobadilika.

Aliyenisaidia hasa ni fundi cherehani mmoja wa Majengo ambaye Vitz yake alishaiuza, sasa anaendesha Probox. Huyu hakuwa na cha kutetea. "Dada, uliza giaboksi limetiwa oili gani," akaniambia. "Ya mafuta utayaona mwenyewe." Lake lilikufa kwa sababu fundi wa gereji alimmiminia oili ya otomatiki ya kawaida, na alipohoji akajibiwa: "Oili ni oili, mzee." Kumbe sivyo. Giaboksi la CVT halina zile gia za hatua kwa hatua. Ndani mna puli mbili na mkanda wa chuma unaopanda na kushuka juu yake, ndiyo sababu gari linachanganya mwendo bila kukushtua. Mkanda ule una oili yake maalumu. Ukiunyima unaanza kuteleza, injini inavuma na gari haliendi, na hapo giaboksi zima linang'olewa. Alilipa, akauza, akaapa.

La kuagiza Japani nililipigia hesabu usiku mmoja nikaifunga daftari. Sheria ya Kenya haikubali gari lililopita miaka minane, na mwaka huohuo ushuru wa forodha ulikuwa umepanda kutoka asilimia 25 hadi 35, ukija juu yake ushuru wa bidhaa na VAT ya 16. Mimi na mshahara wangu tukarudi kwenye magari ambayo tayari yana vumbi la hapa.

Na huko kuna madalali. Sijui kwa nini kila gari la dalali liliwahi kuwa la mwanamke mmoja asiyekwenda mbali. Mmoja alinionyesha Vitz nyeupe, mita inasoma kilomita elfu 68, "mama alikuwa analiendea sokoni tu." Nilipotazama chini, mpira wa pedali ya breki umelika mpaka chuma kinachungulia, na usukani umekuwa laini kama mkono wa mwiko. Soko gani hilo? Nikamwomba cheti cha ukaguzi wa Japani, kile kinachoandikwa mita ilisoma ngapi kabla gari halijapanda meli. Akasema kimepotea. Nikaaga kwa adabu.

Langu nililipata kwa daktari aliyekuwa anahamishwa. Vitz ya 2012, rangi ya fedha, silinda tatu. Logbuku kwa jina lake, rekodi ya umiliki nikaikagua kwenye mtandao wa serikali kabla hata senti haijatoka, na risiti za oili ya giaboksi alizihifadhi kwenye bahasha. Zile risiti ndizo nilizozinunua, gari lilikuja nazo.

Asubuhi ya kwanza nilipowasha, gari likasema. Sauti ya mwanamke, ya upole, Kijapani. Mama, aliyekuwa kiti cha mbele, akaitikia: "Waalaikumu salaam, mwanangu." Tukaendelea hivyo wiki nzima, linasema, mama anaitikia, mpaka kijana mmoja shuleni akaisikilizisha simu sauti ile, ikamtafsiria: lile dude dogo lililobandikwa ndani ni la kulipia barabara za Japani, na mwanamke yule kila siku anasema kadi haijaingizwa. Nilipomweleza mama akanyamaza kidogo. "Kumbe nikimwitikia mdai." Redio nayo ilikuwa na ya kwake, inaanzia 76 inaishia 90, kwa hiyo nusu ya stesheni zetu hazishiki mpaka ukatiwe kifaa cha kupandishia masafa. Mimi sikukitia. Njia ya kwenda Gongoni ina mazungumzo ya kutosha.

Maana sikukaa peke yangu siku nyingi. Wiki ya pili tulikuwa walimu wanne ndani, tunachangia mafuta kwa zamu, na hapo ndipo gari likanionyesha sura yake ya pili. Injini ile ina nguvu za farasi 69. Mimi peke yangu, dirisha wazi, hazina neno, linakwenda kama kijana aliyetumwa dukani na chenji ikawa yake. Tukiwa wanne, na mmoja wetu ni mwalimu wa michezo aliyeacha michezo, nikitaka kulipita lori la chumvi lazima kwanza nizime AC, nivute pumzi, niombe. Kwenye matuta tumbo la gari linakwaruza. Kutoka ardhini mpaka chini yake ni sentimita 14 hivi, tuta lilijengwa na mtu aliyekuwa akifikiria trekta. Siku hizi nalikata tuta mshazari, tairi moja moja, na walimu wa nyuma wananyanyua miili yao kidogo kana kwamba hilo linasaidia. Na likisimama kwenye foleni ya pale sokoni, silinda tatu zinatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinakuonyesha tuktuk mbili badala ya moja.

Tuktuk! Hapo sina budi kulisifu. Malindi ukiwa na gari kubwa unawachukia wenye tuktuk, ukiwa na dogo mnakuwa ndugu. Napenya wanapopenya, nageuza wanapogeuza, naegesha mahali ambapo Prado ya mtalii ingezunguka mara tatu na kukata tamaa.

Mafuta nilipima kwa kujaza tangi mpaka juu, kuandika kilomita, kisha kujaza tena. Peke yangu bila AC: kilomita 17 kwa lita. Walimu wote, AC, na mkaa wa mmoja wao kwenye buti: 13. Kwa hiyo hata lile neno walilokubaliana wote lina masharti yake.

Idd iliyopita nilijipa moyo nikalipeleka Lamu kwa shangazi. Zaidi ya kilomita 200, Garsen, Witu, tangi la lita 42 limejaa, na nilipofika Mokowe mshale haujafika nusu. Nilijisikia kidume. Nikaliacha pale bara, nikavuka kwa boti kama kila mtu, nikaingia Langoni funguo zinaning'inia kidoleni. Shangazi akaziangalia. "Gari lenyewe li wapi?" Nikamwambia liko Mokowe. Akatafakari huku akichambua mchele. "Basi umenunua kitu kisichoweza kufika kwangu. Punda wa jirani hapa anafika mpaka mlango wa jiko, na hana bima." Sikuwa na jibu, nikala biriani.

Sasa hii kutu. Fundi wa Maweni aliniambia mapema, na mimi nikamwona anatafuta kazi: gari la pwani linakufa kutoka chini, injini inabaki nzima mwili umeoza. Upepo wa kusi unaleta chumvi, mimi naendesha kila siku kuelekea mashamba ya chumvi, jioni naliegesha nyumba ya tatu kutoka baharini. Alitaka alipulize rangi ya lami chini nzima na kwenye mikunjo ya milango. Pesa za bei aliyotaja nilinunulia viatu na nikachangia harusi. Katika wote niliowauliza, wenye Passo na Demio na Fit, watu wa hapahapa wanaovuta chumvi hiyohiyo, hakuna aliyenitajia kutu. Nimelifikiria hilo mchana kutwa na nilikuwa nimeshaanza kuwakasirikia.

Halafu magharibi, kabla ya umeme kukatika, ukaingia ujumbe wa mwalimu kijana aliyeripoti muhula huu. Amepata Vitz kwa mtu Kilifi. "Mwalimu, wewe unalo. Niambie ukweli, lafaa?"

Nikajiona kidole kimeshaandika: halinywi m. Nikafuta. Nikatoka na tochi ya simu, nikapiga picha kile kipande chini ya mlango, nikamtumia. Nikamwandikia ainame aangalie hapo kwanza, pande zote mbili, apitishe na mkono, na aulize giaboksi limetiwa oili gani.

Amejibu sasa hivi. "Ahsante Mwalimu. Hiyo kutu naona ni kidogo tu. Na mafuta je, linakunywa?"