Finjani Ngapi?

Juzi usiku mwanangu wa pili, huyu wa maswali, kaketi kitandani ghafla akaniuliza: "Mama, mtu anaweza kusahau kulala?" Nikamwambia lala. Akalala papo hapo. Mimi swali lake likaniweka macho mpaka adhana ya alfajiri.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Tanga. Mjomba alikuwa na kibanda cha pesa za simu pale Barabara ya Nane, na mimi nikimkalia jioni. Nitasema ratiba tu: asubuhi wodini, mchana darasani, saa kumi na moja jioni naingia kibandani kutuma na kutoa pesa za watu mpaka saa tatu usiku, kisha bwenini kupiga msuli. Saa tisa usiku nazima taa. Saa kumi na moja na nusu naamka. Wenzangu walikuwa na msemo wao, msuli tembo matokeo sisimizi, lakini matokeo yangu mimi yalikuwa mazuri, na nadhani hilo ndilo lililochelewesha kila kitu. Anayeongoza darasa nani atamwuliza kama analala?

Mitihani ilipokaribia, hata yale masaa machache yakanikataa. Nikizima taa, kichwa kinafungua kibanda. Kinaanza kuhesabu floti ya jioni, yaani pesa ya kibanda ya kuzungushia, shilingi kwa shilingi, kinakuta pungufu, kinaanza upya. Kikitoka kwenye floti kinaingia kwenye dozi za dawa za watoto, kutoka hapo kwenye ada, kutoka ada kwa mama nyumbani. Moyo unadunda mpaka nausikia kwenye mto. Nilidhani malaria. Nikapima, hamna. Nikadhani ni vidonda vya tumbo, maana pale kwetu kila kitu ni vidonda vya tumbo.

Sista aliyekuwa akitusimamia wodini ndiye aliyeona mikono yangu inatetemeka nikiwa nimeshika sindano. Hakusema neno mbele ya mgonjwa. Nje kwenye korido akaniambia, "Wewe binti, kesho usije huku. Nenda kaonwe," akanielekeza kliniki ya afya ya akili, na mimi nikaona bora angenielekeza mochwari. Kile kiti kirefu cha nje kinajulikana. Mji wenyewe huu, ukipiga chafya Chumbageni wa Makorora wanakuombea rehema. Nilijifunika mtandio mpaka kwenye pua, nikakaa ubavuni pa bibi mmoja aliyekuwa akila ubuyu kwa raha zake kama yuko stendi.

Daktari alikuwa mtu mzima, mwembamba, kanzu ya kazi imemzidi mabega.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Haya. Nieleze."

Nikaanza kumpa kama tulivyofundishwa kuchukua historia ya mgonjwa: tatizo kuu, limeanza lini, linazidi wakati gani, linapungua kwa nini. Nilikuwa nimelipanga vizuri kichwani tangu kwenye daladala. Akaweka kalamu chini.

"Hiyo kampe mwalimu wako akupe maksi. Mimi nipe usiku wa jana. Jana hii hii. Ulipanda kitandani saa ngapi?"

Ajabu ni kwamba usiku wa jana ulikuwa mgumu kuusema kuliko miezi mitatu yote. Nilipanda saa ngapi, nikapitiwa saa ngapi, nikaamka mara ngapi, nilipoamka nilitazama simu au sikutazama, asubuhi niliamshwa na nini, mchana nilisinzia wapi. Akauliza kama wenzangu wanasema nakoroma. Akauliza siku ya Jumapili, nisipokuwa na wodi wala darasa, nalala mpaka saa ngapi. Kila jibu analiandika. Halafu akafika kwenye kahawa.

"Kahawa unakunywa?"

"Kidogo."

"Finjani ngapi?"

"Mbili, tatu."

"Kwenye kahawa hakuna mbili tatu. Tuanze alfajiri."

Tukaanza alfajiri. Moja bwenini, ya unga. Mbili nje ya geti la hospitali kabla ya raundi. Mchana, pamoja na kashata, mbili. Nikadhani tumemaliza. Akasema bado hatujaingia kibandani. Hapo nikakumbuka muuza kahawa wa Barabara ya Nane, na dele lake na vile vikombe anavyovigonganisha ukamsikia tangu kona ya pili. Yule mzee ndiye aliyekuwa akinichenjia noti. Mteja kaja na elfu kumi, sina chenji, namwita mzee wa kahawa; na huwezi kumwita mtu akupe chenji usinywe kahawa yake, hiyo si adabu. Kwa hiyo kila chenji ilikuwa na finjani yake. Daktari akawa anakunja vidole. Tulipofika kumi akacheka, akaacha kukunja.

"Lakini dokta, finjani yenyewe ndogo," nikasema.

"Ndogo. Na hiyo kahawa ipo juu ya mkaa tangu lini?"

Nikanyamaza.

"Kahawa ina tabia yake," akasema. "Kwa watu wengi, baada ya masaa matano hivi nusu yake bado imo mwilini. Ya saa mbili usiku, saa saba usiku nusu yake ipo inakusubiri. Wewe unazima taa, yenyewe inawasha." Kisha, bila kubadilisha sauti: "Na yale makopo ya kuongeza nguvu?" Nikakiri kopo moja, wakati wa mitihani tu. Na wakati ule ulikuwa wa mitihani.

Baada ya hapo ndipo alipotoa fomu. Ni ile ya kupima wasiwasi, GAD-7, ya Wamarekani, ya mwaka 2006, maswali saba. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na hali hizi: kuwa na wasiwasi au roho juu, kushindwa kuzuia mawazo ya wasiwasi, kuhangaikia mambo mengi kupita kiasi, kushindwa kutulia, kuhaha mpaka huwezi kukaa sehemu moja, kukasirika upesi, kuogopa kama kwamba kuna baya linakuja. Hapana kabisa ni sifuri, siku kadhaa moja, zaidi ya nusu ya siku mbili, karibu kila siku tatu. Mwisho unajumlisha. Tano ni wasiwasi mdogo, kumi ni wa kati, kumi na tano ni mkali.

Nilikuwa najibu huku najumlisha. Ugonjwa wa wanafunzi huo. Nilipofika swali la tano nikaona nakaribia kumi na tano, nikalibana jibu la sita likawa "siku kadhaa", wakati nilikuwa nimemfokea mwenzangu wa kitanda cha juu asubuhi ile ile kwa sababu ya kuvuta shuka. Nikatoka na kumi na tatu. Chini ya fomu kuna swali jingine lisilo na alama: hali hizi zimekufanya ushindwe kazi zako kwa kiasi gani? Nikasema hazijanishinda hata kidogo, darasani naongoza. Hakubisha. Akaandika nilivyosema, na pembeni yake akaweka alama ndogo ya kuuliza. Niliiona kichwa chini miguu juu, kutoka upande wangu wa meza. Alama ile iliniudhi, na sina hakika kama imekwisha kuniudhi.

Ninachokumbuka zaidi ya fomu ni mikono yake. Alinishika kiganja akahesabu mapigo kwa saa yake ya mkononi, dakika nzima. Akavuta kope la chini aone kama nina damu. Akaniambia ninyooshe mikono mbele, vidole vitanuke, akaweka karatasi juu yake, sote wawili tukaitazama inavyotetemeka. Akanipa maji nimeze huku ameshika shingo yangu, maana tezi la shingo likifanya kazi kupita kiasi nalo huleta moyo kwenda mbio na kukesha, na mtu akaambiwa ana wasiwasi kumbe ana tezi. Akauliza homa, uzito, hedhi. Tangu nianze chuo nilikuwa nimeshika wagonjwa wangapi, na hakuna aliyekuwa amenishika mimi. Machozi yakanitoka. Hakusema pole. Alisogeza boksi la glovu, akatafuta nyuma yake, akanipa kipande cha pamba.

Halafu akauliza, kwa sauti ile ile aliyoulizia kahawa: "Umewahi kufikiri bora ungekufa, au kujidhuru?"

"Hapana."

Akasubiri.

"Nataka tu nilale siku nzima mtu asiniite," nikasema.

Hilo nalo aliliandika. Akauliza tena kwa njia nyingine, kama kuna usiku nimetamani nisiamke, mpaka aliporidhika.

Nilikuwa na nusu kidonge cha diazepamu, dawa ya kutuliza, ndani ya mkebe wa kalamu, mwenzangu kanipa, kanunua mwenyewe duka la dawa. Nikakiweka mezani. Akakifunga kwenye karatasi akakitia mfukoni. Hiki, alisema, kinakulaza, kisha kinakuzoea, na kuachana nacho ni kazi nyingine.

Maelekezo yenyewe nayafupisha. Kahawa ya mwisho saa nane mchana. Kuamka saa ile ile kila siku, hata usiku ukiwa mbaya, hata Jumapili. Kitanda kiwe cha kulala tu. Usingizi usipokuja kama dakika ishirini, toka kitandani, kaa mahali pasipo na mwanga mkali, rudi ukisinzia. Yanayokusumbua yaandike mapema jioni, uyaache kwenye daftari. Yote ni ya kweli na baadaye nimewaambia watu wengi. Lakini nilimwuliza: dokta, kitanda cha bwenini ndiyo meza yangu, ndiyo kabati langu, ndiyo sehemu ya kulia. Nikitoka niende wapi? Akafikiri kidogo. "Ngazi zipo?" Zipo. Basi nikawa mtu wa ngazini, na kanga yangu, saa saba usiku, mlinzi akipita ananiuliza kama nimegombana na mchumba.

Kwa mjomba ilikuwa ngumu zaidi. Nilimwomba nifunge saa moja mpaka mitihani ipite. "Mwanangu," akasema, hana nia mbaya, "kwani kukaa nako ni kazi?" Mkewe ndiye aliyesimama akasema atakaa yeye. Wiki ya kwanza floti ilikosa elfu kumi na nane, na hakuna aliyekosa usingizi.

Nimekuwa nikijiuliza, hata juzi usiku, kama nilikuwa mgonjwa au nilikuwa na kazi nyingi tu. Zile namba kumi na tatu zilinipima mimi. Kibanda, bweni, ada, havikuwa na kisanduku chao. Upande mwingine, wenzangu wawili walikuwa na ratiba mbaya kuliko yangu na walikuwa wakilala wakigusa mto. Niliporudi kliniki nilipata nane. Nikafurahi. Daktari akauliza, "Mitihani imekwisha lini?" Ijumaa, nikasema. Akatikisa kichwa akicheka. "Basi hapa hatujui kilichokuponya. Njoo katikati ya muhula ujao, wakati wa moto, tupime tena." Akaniandikia tarehe kwenye kadi.

Kadi ninayo mpaka leo. Tarehe hiyo nilikuwa mazoezini Korogwe, zamu ya usiku.