Gharama ya Maharage Ipo Motoni

Tangu bei ya mafuta ya kula ilipopanda mwaka 2022 nimekuwa nikiandika matumizi ya jikoni katika daftari, na kadiri ninavyolipitia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba vyakula bora vingi havijatushinda bei. Hapa Morogoro maharage, dagaa, mchicha, matembele na unga wa dona bado vinamudika kwa mtu wa kipato cha kawaida. Kinachotufanya tuvikwepe ni mkaa, gesi na muda. Mama anayerudi nyumbani jioni amechoka, akifikiria kwamba maharage yatakaa motoni saa mbili au tatu, atawanunulia watoto chipsi, au atapika wali mweupe kwa mchuzi mwepesi wa nyanya, na mimi siwezi kumlaumu.

Kwa hiyo maharage yangu huanza kupikwa usiku wa kuamkia siku yenyewe. Huyachambua, huyaosha na kuyaloweka kwenye maji mengi hadi asubuhi, kisha maji hayo huyamwaga, maana yanaondoka na sehemu ya zile sukari zinazojaza tumbo gesi. Baada ya hapo huyachemsha kwa moto mkali kwa dakika 20 hivi. Muda huo siupunguzi hata gesi ikiwa inaelekea kuisha, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ambayo huharibiwa na maji yanayotokota, wala haiondoki kwa uvuguvugu. Yakishatokota, sufuria hufunikwa vizuri na kuingizwa kwenye jiko kapu, yaani kapu linalotunza joto ili chakula kiendelee kuiva bila moto, ambalo kwangu ni tenga pana lililozungushiwa blanketi kuukuu, na juu yake hukaa mto ulioshindiliwa mabaki ya vitambaa niliyopewa na fundi cherehani. Mama mkwe ndiye aliyenisukuma kulitengeneza; akiniona nimesimama jikoni nikiongeza maji kwenye sufuria husema, "Mwanangu, yafunike, moto wa nini tena?" Baada ya saa nne hivi maharage huwa laini na mchuzi wake ungali wa moto, nami huyachemsha tena kidogo wakati wa kuyaunga.

Nyanya na limau huvitia mwishoni, maharage yakishaiva, kwa kuwa uchachu huyachelewesha kulainika. Magadi nimeyaacha kabisa. Ni kweli yanaharakisha kuiva, lakini yanaharibu vitamini B1, nayo maharage yaliyolowekwa usiku kucha hayayahitaji.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Naufurahia kwa dhati, kwa sababu moshi wa kuni na mkaa nimeuvuta tangu utotoni na ninajua unavyowasha macho na kifua. Hata hivyo kuwa na mtungi ndani ya nyumba ni jambo moja, na kuujaza kila unapoisha ni jambo jingine, na kwa sababu hiyo ningependa kuona jiko kapu likifundishwa kliniki, shuleni na katika vikundi vya akina mama, sambamba na gesi na umeme. Familia inayolitumia itaendelea kula maharage hata katika wiki ambazo fedha zimebana.

Sufuria moja hunitosha kwa milo kadhaa. Mlo wa kwanza huwa maharage ya nazi na ugali wa dona. Yanayobaki huwekwa kwenye friji na kuchanganywa kesho yake na mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa, yakawa makande yenye karoti na hoho. Siku ambayo hatuli maharage huwa ni ya dagaa. Wa Kigoma ni watamu na wasafi lakini wana bei, kwa hiyo mimi hununua wa Mwanza, nikakaa na ungo mapajani nikiwatoa vichwa na matumbo yale meusi yenye uchungu, kisha nikawaosha kwa maji ya uvuguvugu mara kwa mara hadi mchanga uishe chini ya beseni. Huwakausha kwenye kikaango bila mafuta mpaka waanze kunukia, ndipo vitunguu, nyanya na kijiko cha mafuta vinapofuata. Kwa kuwa dagaa huliwa na mifupa yake, watoto wanapata madini ya chokaa ambayo vinginevyo ningeyatafuta kwenye maziwa, yaliyo ghali zaidi.

Kuhusu mboga za majani nina sheria mbili tu: hazikai motoni muda mrefu, isipokuwa kisamvu, ambacho lazima kitwangwe na kuchemshwa sana ili sumu yake iondoke, na mezani hapakosi ndimu, chungwa au embe, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage. Chai ya rangi huinywa baadaye, maana ikinywewa pamoja na chakula huyazuia madini hayo hayo.

Upo unafuu ambao siukubali hata kidogo, nao ni wa karanga na mahindi yenye ukungu yanayouzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha mikoani Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Karanga huzichambua punje kwa punje, na zilizosinyaa au kubadilika rangi huzitupa bila kuwapa hata kuku.

Msimu huu wa mavuno nimekubaliana na baba watoto tununue gunia la mahindi makavu badala ya kununua unga kila wiki dukani. Tutayaanika tena juu ya turubai, tutayahifadhi yakiwa punje, na kila baada ya wiki mbili nitapeleka kisado kimoja mashineni kusaga dona, kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta na unga wake huchacha ukikaa muda mrefu.